Pancha Mbele ya Mgeni Rasmi

Kipande cha kwanza kilitua karibu na kiatu cha mgeni rasmi, naye, kwa adabu ya watu waliozoea kukaa meza kuu, akajifanya hajakiona. Cha pili hakuweza kujifanya. Kilimgonga kwenye ugoko.

Ni Jumamosi iliyopita hiyo, uwanja wa shule, hapa hapa Nyangoto. Bonanza la mazoezi. Maturubai mawili, spika za kukodi, viti vya plastiki vitupu kwa wananchi na vilivyovishwa vitambaa vyeupe kwa wakubwa. Nimesimama mbele ya umati nawaongoza watu kuruka huku wakitanua na kukusanya miguu, zoezi ambalo hata mama muuza dagaa aliliweza, ndoo yake ikimsubiri pembeni. Na DJ tulikubaliana vizuri tu: abaki kwenye bongofleva ya taratibu mpaka watu wapate joto. Akaamua kwa mamlaka yake kwamba joto limeshapatikana, akaachia singeli. Anayeijua singeli anajua haimpi mtu nafasi ya kumeza mate, sembuse ya kutazama miguuni. Nikaruka. Mwalimu hawezi kuachwa na muziki mbele ya watoto wa darasa la tatu.

Ghafla nikahisi mguu wa kulia umefupika. Sikuumia popote, nilikuwa mfupi upande mmoja tu. Nikadhani nimekanyaga kishimo, nikasogea kushoto. Kishimo nacho kikasogea. Nikarudi kulia, kikarudi. Ndipo nikainamisha macho. Soli ya raba yangu ilikuwa inamomonyoka kwa mabonge, mithili ya kiporo cha ugali wa muhogo kilichosahaulika juani, na kila nikitua bonge jingine linaruka kuelekea meza kuu. Ule mpira wa chini kabisa, wenye meno, ulishajitenga zamani. Ulilala chali kwenye nyasi, mweusi, mzima, hauna hata mkwaruzo.

“Jamani, jamani, mwalimu amepata pancha!” mshereheshaji akapaza sauti kwenye maiki, na mtu wa namna hiyo ukimpa kicheko kimoja haachi mpaka apate vitatu. “Fundi tairi yupo? Anayemjua fundi tairi amwite!”

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, jambo ambalo nilikuwa nimewakataza wasifanye katikati ya zoezi. Kisha akatokea mtoto mmoja wa kike, sare ya shule, peku. Akaokota vile vipande kimoja kimoja, hata vya chini ya meza kuu, akavipanga kwenye viganja vyake viwili na kuniletea huku amepinda magoti kidogo.

“Shikamoo mwalimu. Umedondosha.”

“Marahaba,” nikaitikia, nikapokea soli yangu kwa mikono miwili. Ungefanyaje?

Ningeweza kuyameza hayo yote kama si hotuba. Nusu saa kabla, mimi huyuhuyu nilipewa maiki nizungumzie vifaa vya mazoezi, na nikazungumza. Nilisema kiatu ndicho kifaa pekee ambacho mtu wa mazoezi hatakiwi kukifanyia ubahili. Nilisema usidanganywe na rangi. Nikashika bega la kiongozi mmoja wa kijiji ili nisiyumbe, nikainua mguu wa kulia, huohuo wa kulia, nikawaonyesha wananchi soli. Nikaigonga kwa kidole. “Mnaiona hii?” Wakaitikia kwa pamoja kwamba wanaiona.

Zile raba nilizipenda kuliko kitu chochote ninachovaa. Nilizipata mnadani, mtumba, zimefungwa pamoja kwa kamba zake, safi kiasi kwamba nilimshuku muuzaji ameziiba. Zilinikaa mguuni bila kubana kidole gumba wala kulegea kisigino, na anayefanya kazi ya kuruka anajua hiyo ni bahati ya kuombewa. Kwa hiyo nilizitunza. Mazoezi ya kawaida ya alfajiri nilikuwa navaa raba za hovyo. Hizi zilikuwa za kutokea. Nikishatoka nazo nazifuta vumbi letu jekundu kwa kitambaa kibichi, nazitia kwenye mfuko wa rambo, mmoja wa ile iliyobaki nyumbani tangu kabla ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019, naufunga fundo, naweka kwenye boksi, boksi naweka juu ya kabati, chini kidogo ya mabati. Mama yangu alinifundisha hivyo. Vitu vizuri havichezewi.

Jumapili asubuhi nikazipeleka kwa fundi viatu, yule anayekaa chini ya mti jirani na kijiwe cha bodaboda. Nilimkabidhi raba na mfuko wa vipande. Hakuangalia vipande. Alichukua raba ya kushoto, ile nzima, akabonyeza ubavu wa soli kwa kucha ya dole gumba. Kucha ikazama. Akaivuta, ikatoka na unga mweupe wenye kunata, akaunusa.

“Imeoza, dada.”

“Kiatu kinaozaje, fundi? Sijakivaa hata mara nyingi.”

“Ndiyo nakwambia. Hujakivaa, ndiyo maana kimeoza.”

Nilidhani ananitania; watu wengi siku hiyo walikuwa wananitania. Akanyanyua gunia nyuma ya kigoda chake, akanifungulia. Ndani mlikuwa na soli. Soli na nusu za soli, nyeupe zilizogeuka manjano, zote zimekatikakatika, na mipira ya chini bado ina meno makali ya kutoka kiwandani. “Hizi zote wenyewe waliziweka kwa ajili ya Krismasi,” akasema.

Nilirudi nyumbani nikasoma mpaka macho yakauma, na niliyoyasoma yamenifanya nimheshimu yule fundi kuliko waheshimiwa wengi ninaowasimamia mazoezi.

Raba ya mbio ina sehemu tatu na sisi huzikagua mbili. Juu kuna kitambaa au ngozi, ndicho tunachokipenda kwa macho. Chini kuna mpira wenye meno, ndiyo maana mnadani kila mnunuzi hugeuza kiatu kuangalia kimelika kiasi gani. Katikati kuna tabaka la povu gumu. Kazi yote ni yake, na hakuna anayelijulia hali. Mtu akikimbia, kila anapotua ardhi humrudishia kishindo cha mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Mwenye kilo 70 anapokea kilo 140, pengine 200, kwa mguu mmoja, na kabla hajamaliza kilomita moja amepokea mara mamia. Lile povu lina vijipovu visivyohesabika, kila kimoja kimefungia hewa yake. Unatua, vinabonyea. Unanyanyuka, vinajaa tena. Goti lako linaishi kwa hisani ya vijipovu hivyo.

Povu lenyewe mara nyingi huwa moja kati ya mawili. Kuna linaloitwa EVA, jepesi, halina makuu, linachakaa kwa kutumika: kati ya kilomita 500 na 800 hivi vijipovu vyake vinachoka kurudi, kiatu kinakuwa bapa, na taarifa unaipata magotini. Hilo ni povu la haki. Limekula kwa jasho lake. Na kuna poliyurethani. Hili ni zito kidogo, linastahimili kubonyezwa kuliko mwenzake, na watengenezaji wa raba za kifahari na viatu vya kupandia milima walilipenda sana miaka ya 1980 na 1990. Ukilishika dukani utaapa litakuzika.

Sasa sikiliza utamu wake. Poliyurethani inayotumika sana kwenye soli ina minyororo mirefu ya kemikali, na viungo vya sehemu ya minyororo hiyo, wakati vinaungwa kiwandani, hutoa maji. Maji yakirudi, viungo hufunguka. Si lazima uiloweke. Unyevu ulio hewani unatosha kabisa. Kila kiungo kinachofunguka huacha asidi kidogo, asidi hiyo huharakisha kufunguka kwa jirani yake, na joto huzidisha mwendo wa shughuli nzima. Wanakemia huita haidrolisisi. Nje kiatu kinang'aa, ndani kinajirudisha kwenye mafuta na unga kilikotoka, polepole, kwa miaka, hakuna anayesikia. Na kilichonivunja nguvu kabisa ni hiki: kiatu cha povu hilo kinachovaliwa mara kwa mara hudumu kuliko kinachotunzwa, kwa sababu kila unapokikanyaga unasukuma nje hewa na unyevu uliotuama ndani ya povu. Kinachokiua haraka ni kufungiwa bila kuvaliwa, mahali pasipopita hewa, penye joto. Kwa mfano kwenye mfuko wa plastiki uliopigwa fundo, ndani ya boksi, chini ya bati, Nyangoto, Januari.

Mama, samahani.

Lakini wa kulaumiwa si mama wala boksi, kwa sababu zile raba zilifika kwangu zikiwa tayari zina umri. Mtu fulani Ulaya au Marekani alizinunua, akakimbia siku mbili za mwaka mpya, akazitupa stoo. Miaka ikapita. Akahama nyumba, akazitumbukiza kwenye sanduku la misaada, akajisikia vizuri. Zikabanwa kwenye belo, zikavuka bahari ndani ya kontena, joto na unyevu wa wiki kadhaa, zikashushwa bandarini, zikapanda lori. Muuzaji wetu hununua belo likiwa limefungwa. Naye ni mcheza kamari tu, hajui ndani kuna nini. Kisha mimi na wewe tunakuja na ujanja wetu wa kugeuza kiatu, tunachagua chenye meno mazima, yaani kile ambacho hakikuvaliwa, yaani kile ambacho povu lake limekaa bure muda mrefu kuliko vyote. Tunachagua maiti kwa sababu imevaa vizuri. Maziwa yana tarehe ya mwisho, dawa ina tarehe ya mwisho, hata pakiti ya biskuti ya watoto ina tarehe. Soli, ambayo ikimwangusha mtu wa miaka 60 anaweza kuvunjika nyonga, haina.

Naomba niseme jambo la mwaka 2016, kisha nirudi kwenye kuchekesha. Machi mwaka huo wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Arusha wakakubaliana nguo na viatu vya mitumba viondolewe taratibu sokoni ili viwanda vyetu vipate kupumua. Wafanyabiashara wa Marekani wanaosafirisha nguo zilizotumika wakalalamika kwa serikali yao, na serikali yao ikatukumbusha kwamba kuna AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa zetu kuingia kwao bila ushuru, na kwamba mlango uliofunguliwa unaweza kufungwa. Kenya, Uganda na sisi tukalegeza kamba. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha ule. Desemba ya mwaka uleule wa 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa ya mazoezi. Siipingi, inanilisha. Ila ndani ya mwaka mmoja tuliambiwa tuache viatu tulivyo navyo, tukaambiwa pia tukimbie, na baadaye ndipo tukaachwa tuendelee navyo. Raba mpya ya kweli, ukienda Mwanza, bei yake watu wa huku wanaitafsiri kwa mbuzi. Nina mama mmoja kwenye kikundi anayekimbia na ndala. Akija analalamika kisigino, asipokuja wenzake wanasema ni mvivu. Mimi naona kisigino chake kilivyopasuka, na pia nawasikia wataalamu redioni wakisema Watanzania hatupendi mazoezi.

Basi.

Fundi alinibandikia soli ya tairi. Imeshonwa kwa uzi wa nailoni, ina alama za barabarani kabisa, na nikitembea kwenye sakafu ya saruji majirani wanatoka kuangalia nani anakuja. Haibonyei hata kidogo. Kwa upande mwingine, haitaoza mpaka wajukuu wangu wazeeke.

Habari ya tairi ilimfurahisha sana mzee mmoja anayekuja kwenye mazoezi yetu kutazama tu, na kiti chake.

“Mwanangu, sisi tulifuata nyayo za ng'ombe walioibwa usiku kucha mpaka ng'ambo Kenya, peku, na tukawarudisha. Raba za nini?”

“Mzee wangu,” nikamwambia, “hata Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa peku. Lakini si kwa sababu hakupenda viatu. Alijaribu alivyopewa vikamuumiza, akaviacha.”

“Kwa hiyo alishinda peku.”

“Alishinda, saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Lakini miaka minne baadaye Tokyo alivaa viatu, akashinda tena, saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Alipunguza dakika tatu, mzee.”

Mzee akafikiri kidogo. “Basi miguu ilikuwa ileile,” akasema, na mpaka leo sijapata jibu. Tena angetaka kunimaliza angenikumbusha ngoma zetu za Kikurya, ritungu likinguruma na vijana wakiruka na viatu vya mbao nene ambavyo ukivibeba mkononi tu umeshafanya mazoezi. Sijawahi kuona kimojawapo kikimmwagikia mgeni rasmi.

Kifaa changu cha pili kwa kukipenda sikuweza kukitaja kwenye ile hotuba, kwa kuwa meza kuu ilikuwa ya wanaume watupu. Ni sidiria ya michezo. Hii haikuvunjika mbele ya watu, kwa hiyo haina kisa. Ina historia.

Mwanariadha wetu Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, Februari 1974. Kabla yake John Stephen Akhwari, naye wa kwetu, alishamaliza marathoni ya Mexico 1968 akiwa na goti lililofungwa bandeji. Wote hao walikuwa wameshaingia kwenye vitabu kabla mtu yeyote hajakaa akafikiria mwanamke anakimbiaje. Mwaka 1977, katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont huko Marekani, wanawake watatu, Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller, walichoka kuumia. Walichukua zile nguo za wanamichezo wa kiume za kukinga sehemu zao nyeti, mbili, wakazikata na kuziunga pamoja, wakazivaa kifuani. Hiyo ndiyo sidiria ya michezo inayohesabiwa ya kwanza. Wanaume walikuwa na kinga ya vyao miaka mingi. Sisi tulianza kwa kuazima.

Kinachonivutia ni jinsi inavyofanya kazi. Titi halina mfupa wala msuli wake wa kulibeba. Linashikiliwa na ngozi na nyuzi nyembamba za ndani, basi. Ukikimbia haliendi juu na chini peke yake, linakwenda pia pembeni, mbele na nyuma, na ukilifuatilia utaona linachora namba nane. Ndiyo maana kukaza kamba za begani tu hakusaidii. Unakuwa umezuia njia moja kati ya tatu. Sidiria nzuri ama inabana kila kitu kwenye kifua, ama inapokea kila upande kwenye nyumba yake, na mzigo wote inauweka kwenye mkanda mpana wa chini, si mabegani. Ukiivaa sawasawa unasahau kwamba umeivaa. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kifaa chochote cha mazoezi: ukikikumbuka katikati ya zoezi, kimeshindwa kazi.

Nguo za ndani za mitumba TBS wamezipiga marufuku kwa sababu za afya, na wana haki. Mpya za michezo hazifiki madukani kwetu, au zinafika zile za urembo zenye maandishi ya michezo. Kwa hiyo tunavaa mbili kwa mpigo, au tunajifunga kanga kifuani mpaka pumzi inaomba ruhusa. Kiunoni napo lazima kanga nyingine, maana nikikimbia na taiti peke yake naitiwa kikao. Wanaume wa kikundi chetu wanakimbia vifua wazi, vitambi vimetangulia, wanawasalimia wakwe zao njiani, hakuna kikao. Kanga ya kiunoni ikipata upepo wa mbele inaingia katikati ya magoti. Imeshaniangusha, na aliyeniokota aliniuliza kwa nini nisivae gauni.

Alikuwepo binti wa kidato cha pili aliyekimbia vizuri kuliko vijana wote tulio nao. Hatua ndefu, kichwa kimetulia, hakohoi. Halafu, mwaka huu, akaanza kukimbia akiwa amekunja mikono yote miwili kifuani, ameikaza, mabega yamepanda. Jaribu kukimbia hivyo uone. Mwili unakosa usukani, unayumba, unachoka kabla ya wakati. Nikamwambia ashushe mikono. Akaishusha hatua chache, vijana wa kijiweni wakasema kitu, akairudisha. Wiki iliyofuata hakuja, na nilipomuuliza mama yake aliniambia ameacha mambo ya kitoto. Mkoa huu wa Mara ndio uliomtoa Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, aliyerudi kutoka Moscow mwaka 1980 na medali ya fedha ya mita 5,000. Tunapenda kuuliza kwa nini hatupati akina Nyambui wengine. Sijasikia mtu akiuliza bei ya sidiria.

Cha tatu ni reflekta. Hapa kwetu kila mtu anayo, maana mji unaishi kando ya mgodi wa dhahabu, na atakayekugonga na lori alfajiri hakugongi kwa makusudi. Siku moja nikaona kikundi kizima tuvae, tupendeze, tuonekane. Tukatoka saa kumi na moja na nusu tumejipanga mistari miwili. Mimi nilikuwa na daftari la mahudhurio, saa ya kupimia mwendo na utepe mrefu wa kupimia umbali wa kuruka. Asiyeijua Nyamongo, yaani huku kwetu, hataona tatizo. Anayeijua ameshacheka. Watu wenye reflekta, daftari na utepe, wakipita alfajiri kati ya nyumba, hapa wana maana moja: wathamini wamekuja kuhesabu mali kwa ajili ya fidia. Na kama wathamini wamekuja, basi muda wa tegesha, yaani kupanda na kujenga haraka ili uhesabiwe, ni huu. Tulipogeuza kurudi, njia ileile tuliyopita ilikuwa imeota migomba. Mzee mmoja alikuwa ameshasimamisha nguzo nne za nyumba na anatafuta bati. Akatusimamisha, akanikaribisha chai, akaniita “mheshimiwa”, akanionyesha mche mkavu uliochomekwa kwenye vumbi na kunisihi niandike mwembe. Nikamweleza kwamba sisi ni watu wa mazoezi. Akanikonyeza. “Naelewa, mama, naelewa. Siri yenu.” Nikaandika mwembe. Uko kwenye daftari la mahudhurio, na huwa unahudhuria kuliko watu.

Ile saa nayo inahesabu hatua kwa kuhisi mtikisiko, kwa hiyo nilipopanda bodaboda kwenda Nyamwaga ilinipongeza kwa kutembea nusu ya wilaya.

Vifaa vilivyobaki navitaja kwa kifupi. Filimbi haifai karibu na kijiwe. Nikipuliza mara moja, madereva watatu wananiuliza naelekea wapi.

Kamba ya kuruka imefungiwa ndama.

Chupa ya maji ilibadilishana na chupa ya mafuta ya taa jikoni kwetu, na nilitema kwa wakati.

Kofia ilichukuliwa na upepo nilipokuwa navuka Mto Mara kwenda upande wa Serengeti. Chini kulikuwa na mamba, kwa hiyo ni yake.